Pampu ya trekta kuukuu ikilia, anza na mafuta

Kila mvua za mwaka zinapokaribia, maswali yanayonifikia hugeuka. Wanaoniuliza mambo ya gari na jenereta hupungua, wakaja wenye matrekta. Mmoja wa Msambweni ana Massey Ferguson 135 aliyoachiwa na babake. Mwingine wa Hindi kule Lamu ana 240 ya kukodisha. Kikundi cha Tana River kina trekta moja inayolimia mpunga wa watu kadhaa. Lalamiko ni lile lile: ukiinua plau, nyuma kunalia. Halafu linafuata swali, "Fundi amesema pampu imekufa. Ninunue mpya?"

Jibu langu halijabadilika: usinunue kitu kabla hujayatazama mafuta. Tangu nitoke chuoni na diploma yangu ya ufundi wa mitambo nimeona pampu nyingi zikitolewa na kutupwa, na ile mpya ikafungwa na kulia vile vile, kwa sababu ugonjwa haukuwa wa pampu. Pampu ya haidroliki ni kama mtu anayekunywa kwa mrija. Ukiuziba mrija, ukikipunguza kilichomo kikombeni, ukakifanya kizito mno au ukakitia povu, atatoa sauti. Kumbadilisha mnywaji hakukijazi kikombe.

Na hii si habari ya chuma peke yake. Trekta likilala wiki mbili mvua zikiwa zimeanza, si mwenye trekta tu anayepoteza. Kuna wenye mashamba kumi au kumi na tano walio kwenye foleni yake. Mahindi yanayopandwa nyuma ya wakati hapa kwetu Pwani hukutwa na jua yakiwa yanachanua. Kwa hivyo nimeona niyaandike yote mahali pamoja, mwenye trekta, dereva na tanboi wasome kabla hawajampigia fundi simu.

Kwanza ulijue trekta lako

Nitatumia Massey Ferguson 135 kama mfano, kwa kuwa ndilo trekta kuukuu ambalo wengi wetu tumelizoea. Lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na kiwanda cha Coventry, Uingereza, kiliendelea nalo hadi 1975. Mdogo wake, 240, anafanana naye sana ndani, na zile zilizotengenezwa Pakistan zinafuata mpango huo huo.

Jambo la kujua ni kwamba katika trekta hili pampu ya lifti haiko nje. Imekaa ndani ya sanduku la nyuma, imezama katika mafuta, na inazungushwa na ile shafti inayokwenda nyuma kuendesha mashine, ambayo mafundi huiita PTO. Ni pampu ya pistoni nne. Mafuta inayoyanyonya ni yale yale yanayolainisha gia na difu. Chungu ni kimoja, mapishi ni mawili. Shikilia neno hili, kwa sababu ndilo litakalotuongoza tukifika kwenye kuchagua mafuta.

La pili, mfumo huu aliouanzisha Harry Ferguson unadhibiti mafuta upande wa kunyonyea. Lifti ikishafika pale ulipoiweka, njia ya kuingilia mafuta hufungwa. Pampu inaendelea kuzunguka lakini hainyonyi kitu. Maana yake ni kwamba plau ikiwa imetulia juu, pampu nzima hunyamaza. Ukisikia kelele isiyokoma ilhali lifti haifanyi kazi yoyote, hapo tayari una habari.

Matrekta mengine kuukuu yana pampu iliyofungwa kando ya injini, inayonyonya kwa bomba kutoka sanduku la nyuma. Mengi niliyoandika hapa yanayahusu pia, ila hayo yana mlango mmoja zaidi wa ugonjwa: bomba lenyewe, vibano vyake na mipira ya maungio. Bomba la kunyonyea likiwa na ufa mdogo huenda lisivujishe hata tone, kwa sababu linavuta hewa ndani badala ya kutoa mafuta nje. Ndiyo maana huonekana kavu, safi, na ugonjwa umo humo.

Hakikisha kelele ni ya pampu kweli

Nimewahi kuitwa Kwale kutazama "pampu inayolia", nikakuta beringi ya sanduku la gia. Kwa 135 yenye klachi ya hatua mbili kuna jaribio lisilohitaji hata spana. Simamisha trekta mahali tambarare, gia huru, injini ikiwa imewashwa na PTO imeingizwa. Kanyaga klachi nusu, mpaka pale unapoihisi inakuwa nzito. Hatua hiyo ya kwanza inaachanisha sanduku la gia. Kelele ikinyamaza hapo, tafuta kwenye gia na beringi zake. Ikiendelea, kanyaga hadi chini. Hatua ya pili inaachanisha PTO pamoja na pampu. Ikinyamaza hapo ndipo tunapoanza kuishuku pampu.

Kama klachi yako ni ya hatua moja, jaribio hili halitakufaa.     

Kila kelele ina tafsiri yake

Mlio mwembamba unaopanda na injini wakati wa kuinua. Hapa pampu ina njaa. Inavuta kwa nguvu kuliko mafuta yanavyoingia, ndani yake pakazuka viputo vya mvuke vinavyopasuka vikikutana na shinikizo. Viputo hivyo hula chuma kidogo kidogo. Sababu kubwa ni mbili: chujio la waya lililo kwenye mdomo wa pampu limejaa taka, au mafuta ni mazito mno. Zitenganishe kwa kuangalia wakati. Ikilia asubuhi halafu ikapoa baada ya nusu saa ya kazi, mafuta ni mazito au chujio limeziba nusu. Ikilia kutwa nzima bila kubadilika, hilo zaidi ni chujio.

Mkwaruzo kama wa kokoto ndani ya debe, na lifti inapanda kwa kushtuka. Hapa pampu inakunywa hewa. Chomoa dipstiki utazame. Mafuta yakiwa na povu na vipovu vidogo, kiwango kimeshuka, au hewa inaingia mahali. Kelele hii ikitokea unapopanda au kushuka kilima tu, kama kule Shimba Hills au miteremko ya Taita, basi mafuta yanakimbilia upande mmoja na kuuacha mdomo wa pampu mtupu. Dawa yake ni kujaza hadi alama.

Mluzi au kuchemka kwa nguvu lifti ikiwa juu kabisa. Hiyo ni valvu ya usalama. Pampu inasukuma, mikono haina tena pa kwenda, mafuta yanatafuta mlango. Mara nyingi ni mkono wa udhibiti umeachwa kwenye ile nafasi ya kusukuma mfululizo, ambayo iliwekwa kwa ajili ya kazi za nje kama kunyanyua trela. Rudisha mkono mahali pake, mluzi utakoma. Ukiendelea hata mkono ukiwa sawa, vyuma vya ndani vinavyoifunga njia ya mafuta vimepotea kipimo na fundi avirekebishe. Usiizoee sauti hii. Pampu inayopuliza kupitia valvu ya usalama inachemsha mafuta yako bure.

Kugonga kwa mdundo, tak-tak-tak, na mikono inatetemeka ikipanda. Pistoni nne zinapaswa kugawana kazi sawasawa. Moja ikikosa nguvu kwa valvu iliyokwama au iliyolika, utasikia pengo katika mdundo na kuliona kwenye plau. Wakati mwingine ni taka tu imekaa chini ya valvu. Wakati mwingine pampu imechoka kweli.

Plau inatikisa kichwa ikiwa juu, kidogo kidogo, na kila mara pampu inaguna. Hii ni kuvuja kwa ndani. Mafuta yanatoka mahali, labda kwenye ringi ya pistoni ya lifti au mipira ya maungio, plau inashuka kidogo, mfumo unahisi, pampu inairudisha. Zima injini uangalie: plau ikiteremka upesi, umepata uhakika. Ugonjwa huu hautibiwi kwa mafuta mazito, ijapokuwa wengi hulijaribu hilo na hupata nafuu ya siku tatu.

Kelele inayokuja trekta likiwa moto tu, na lifti inaishiwa nguvu. Mafuta yamekuwa mepesi mno kwa joto, au pampu imelika. Asubuhi inanyanyua vizuri, saa sita mchana inashindwa. Tia kwanza mafuta sahihi. Ikibaki hivyo, basi sasa kweli mfungue pampu.

Dipstiki na chupa ya kioo

Kipimo cha mafuta kinachukuliwa trekta likiwa tambarare, injini imezimwa, mikono ya lifti imeshushwa chini kabisa na limetulia dakika kumi. Ukipima mikono ikiwa juu, sehemu ya mafuta imo kwenye silinda, utadhani yamepungua.

Kuna kosa ambalo nimelikuta tena na tena kwa wenye trela ya tipa. Kikundi kimoja cha Kwale kilikuwa tayari kuchangisha pesa za pampu. Dereva wao, kijana mwenye adabu sana, akaniambia, "Ami, ikilima hailii. Ikibeba mchanga ndiyo inalia." Jibu lilikuwa ndani ya maneno yake. Trela ikiinuka, silinda yake inameza lita kadhaa za mafuta kutoka sanduku la trekta. Kiwango kilichokuwa kinatosha kulima hakitoshi tena. Isitoshe, kila wanapofunga na kufungua hosi kwenye mchanga, mafuta kidogo yanamwagika na vumbi kidogo linaingia. Tukajaza, tukavitia vifuniko vidomo vya hosi, pesa za pampu zikabaki kwenye akaunti yao.

Baada ya kiwango, tazama hali. Chota mafuta kiasi cha kikombe wakati trekta lina joto, uyatie kwenye chupa ya kioo safi, uyaache usiku kucha. Asubuhi yatakusimulia. Yakiwa na povu jana na leo ni angavu, ilikuwa hewa. Yakiwa bado kama chai ya maziwa, au maji yamejitenga chini, maji yameingia. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamechoka kwa joto. Yakiwa na kumetameta, pitisha sumaku nje ya chupa: unga unaofuata sumaku ni chuma cha gia au pampu, na ule wa manjano usiofuata ni wa vyuma vya jamii ya shaba. Unga mwembamba kidogo ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa vidole ni sababu ya kusimamisha kazi.

Kwetu Pwani maji ndiyo adui mkubwa. Trekta linalala nje, mchana sanduku lina joto, usiku hewa yenye unyevu inaingia na kugeuka maji ndani. Mlango mwingine ni ule mpira ulio shinani mwa gia. Jua likishaupasua, mvua inateremka na gia moja kwa moja hadi kwenye mafuta. Kwa wanaolima mpunga, maji ya jaruba yanapenya kwenye sili za nyuma zilizochoka. Mpira wa gia ni spea ya bei ndogo sana kulinganisha na pampu. Hata kipande cha turubai juu ya kiti na gia usiku ni bora kuliko kuacha wazi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe unaonekana kwa macho.

Mafuta gani basi?

Sasa turudi kwenye kile chungu kimoja. Gia za difu zinataka mafuta yenye dawa ya kuhimili kusagwa chini ya mzigo mkubwa. Pampu inataka mafuta yanayotiririka upesi, yasiyofanya povu na yasiyozaa kutu. Ukichagua kwa kumtazama mmoja, unamuua mwingine. Hebu tupitie yale ambayo watu huyatia.

Mafuta ya gia ya 90, hasa 80W-90. Gia zitafurahi, pampu itasota. Katika joto la nyuzi 40 mafuta haya huwa na uzito unaozidi mara mbili ule wa mafuta maalumu ya trekta. Ndiyo yanayoleta mlio wa asubuhi. Yale ya daraja la GL-5 yana dawa kali ambazo katika baadhi ya mitambo hushambulia vyuma vya jamii ya shaba. Na 135 zile zenye Multi-Power, yaani gia ya kubadilisha kasi kwa haidroliki, hazivumilii kabisa mafuta mazito ya aina hii.

Mafuta ya haidroliki matupu, kama ya namba 46 au 68. Haya ni ya mitambo ambayo tangi la haidroliki liko peke yake, kama tingatinga na mashine za kuchimba. Pampu itanyamaza kweli, na muuzaji atakuambia, "Unaona?" Lakini hayana dawa za kulinda gia za difu. Kelele ya pampu itageuka kelele ya difu, na difu ni ghali zaidi.

Mafuta ya injini ya 40. Ni mazito, hayakutengenezewa mzigo wa gia za difu, na dawa zake za kusafisha hulishika maji yakachanganyika badala ya kutuama chini unapoweza kuyatoa.

Mafuta mekundu ya gia za otomatiki. Ni mepesi mno kwa sanduku la trekta kuukuu. Baadhi ya matrekta hutumia mafuta hayo katika tangi dogo la usukani wa nguvu, ambalo liko peke yake. Fuata kitabu cha trekta lako, usilihamishie sanduku kubwa.

Mafuta ya breki. Hata tone lisiingie. Yataivimbisha mipira yote iliyotengenezewa mafuta ya madini.

Kinachotakiwa ni mafuta yaliyotengenezewa trekta lenye chungu kimoja. Madukani utayakuta kwa herufi mbili kuu. UTTO ni mafuta ya gia, haidroliki na breki za ndani ya mafuta, lakini si ya injini. STOU yanaingia hata kwenye injini. Kwa 135 na ndugu zake, yote mawili yanafaa yakiwa na idhini sahihi. Kwa uzito, 10W-30 au 20W-30 yanatosha kwa joto letu. Ujue pia kwamba namba za mafuta ya gia na za mafuta ya injini zinatumia vipimo viwili tofauti. 90 ya gia inakaribia 40 au 50 ya injini. Kwa hivyo usishangae kuona 30 ikipendekezwa mahali ambapo mzee wako alitia 90.

Muhimu kuliko uzito ni namba ya idhini. Geuza mtungi usome nyuma. Kwa Massey Ferguson tafuta M1135, M1143 au M1145 kwa mafuta ya UTTO, na M1139 au M1144 kwa yale ya STOU. Matrekta mengine ya Massey ya baadaye yana breki zilizozama ndani ya mafuta hayo hayo. Kwa hayo idhini si hiari, kwani mafuta yasiyofaa hufanya breki zilie na kushika kwa kushtuka. 135 ya kawaida breki zake ni kavu, kwa hivyo mlio wa breki zake una sababu nyingine.

Maneno "yanafaa trekta zote" peke yake si idhini. Hata Marekani yametokea hayo. Kwa miaka mingi wakulima waliuziwa mafuta ya bei nafuu yenye jina 303, jina lililotokana na mafuta ya zamani ya John Deere ambayo yalikuwa na mafuta ya nyangumi na yaliachwa baada ya sheria za kuwalinda nyangumi katika miaka ya 1970. Jina likabaki, mafuta yenyewe yakawa mengine, hadi majimbo kadhaa, likiwemo Missouri, yakayapiga marufuku. Ikiwa huko wanadanganywa na jina, sisi tusome namba.

Kwenye duka

Mafuta yanayouzwa kwa kupimwa kutoka pipa lililofunguliwa, ukapewa kwenye jerikeni, huna njia ya kuyajua. Duka moja mjini niliwahi kuuziwa "ya haidroliki" yaliyokuwa mazito kama asali na harufu ya injini. Niliyarudisha, na muuzaji alibishana mpaka nilipoyamimina kwenye glasi mbele ya wateja. Nunua mtungi uliofungwa, wenye alama ya KEBS, namba ya toleo na mihuri isiyochezewa. Omba risiti iliyoandika jina kamili la mafuta, si "oili" tu. Kama ni kikundi, risiti hiyo iingie kwenye faili. Mali ya watu wengi ni amana, na mtunza hazina atakuwa na jibu akiulizwa.

Kama unanunua kwa ajili ya trekta zima, tazama kitabu ujue lita ngapi, kisha ongeza mtungi mmoja mdogo wa kujazia wa chapa ile ile. Kujazia kwa chapa nyingine yenye idhini ile ile hakuui trekta, lakini usichanganye UTTO na mafuta ya gia ukidhani utapata wastani mzuri.

Namna ya kubadilisha

Fanya kazi hii trekta likitoka shamba, mafuta yakiwa vuguvugu na taka zikiwa bado zinaelea. Shusha mikono ya lifti, zima injini, zuia magurudumu. Fungua boriti zote za kutolea mafuta. 135 ina zaidi ya moja chini yake, na ukiacha moja unabakisha mafuta machafu ndani. Liache lidondoke usiku kucha.

Chujio la kwenye mdomo wa pampu lisafishwe. Kwa baadhi ya miundo hufikiwa kupitia kifuniko cha ubavuni, kwa mingine lifti yote lazima inyanyuliwe, na hiyo ni kazi ya fundi na watu wawili wenye nguvu. Lioshe kwa dizeli safi, lipulize, usilifute kwa pamba wala kitambaa kinachotoa nyuzi. Nyuzi hizo zitakwenda kukaa chini ya valvu.

Kama maji yalikuwa mengi, mafuta mapya ya kwanza yachukulie kuwa ya kuoshea. Yatumie kwa siku chache za kazi nyepesi, uyatoe, ndipo utie yale ya kukaa. Usioshe kwa petroli wala kuacha dizeli ndani.

Baada ya kujaza, washa kwa mwendo wa chini, inua na ushushe mikono bila mzigo mara kumi, zima, subiri, pima tena. Kiwango kitakuwa kimeshuka kwa sababu mafuta yameingia kwenye njia zake. Jazia. Kelele kidogo ya hewa katika dakika za mwanzo ni kawaida. Isiyoisha siku ya kwanza si kawaida.

Mafuta ya zamani yaweke kwenye mtungi uliofungwa, yapelekwe kwa wanaoyakusanya. Yasimwagwe karibu na kisima wala mkondo. Maji tunayokunywa vijijini hayako mbali na pale trekta linapofanyiwa matengenezo.

Usalama hauna mjadala

Usiingie chini ya plau inayoshikiliwa na lifti pekee. Lifti inayovuja kwa ndani haitoi taarifa. Weka magogo au ishushe chini. Usipapase hosi kwa mkono kutafuta panapovuja. Shinikizo humo linapita pauni 2,000 kwa inchi mraba, na uzi mwembamba wa mafuta unatoboa ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni. Tumia kipande cha katoni. Aliyechomwa na mafuta hayo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kitundu tu, na daktari aambiwe ni mafuta ya shinikizo. Kusubiri hadi kesho kunaweza kugharimu kidole au mkono.

Lini pampu ihukumiwe?

Pampu ihukumiwe baada ya mambo manne kuthibitishwa: kiwango ni sahihi, mafuta ni ya idhini sahihi na hayana maji, chujio ni safi, na vyuma vya udhibiti viko kwenye kipimo. Hapo ikiwa bado inagonga kwa mdundo, au lifti inachoka trekta likipata moto, mwambie fundi aifungue. Na hata hapo muulize kwanza kuhusu valvu, ringi na mipira, kwa sababu pampu hii inafunguka na spea zake zinauzwa. Akikuambia mara moja "nunua nzima" bila kukuonyesha kilicholika, tafuta fundi wa pili.

Nunua daftari dogo likae chini ya kiti. Liandikwe tarehe ya mafuta, chapa na namba ya idhini, saa za kazi, na kelele yoyote mpya ilianza siku gani, ikiwa baridi au moto, ikilima au ikibeba. Fundi yeyote mwenye akili atalisoma daftari hilo kabla hajashika spana. Na ufanye kazi hii sasa, mvua zikiwa bado mawinguni, kwa sababu zikishanyesha hakuna atakayekusubiri ukioshe chujio, na wenye mashamba walio nyuma yako kwenye foleni hawana trekta jingine.